Mtoto Akifariki, Nani Aseme Ndiyo?

Nimepotea kidogo. Majaribio yalinikaba koo, na bumu lilipochelewa ndiyo kabisa, hata hamu ya kuandika ikaondoka. Leo nimerudi na jambo zito. Mwenye haraka apite tu, mwenye nafasi akae kitako tuongee.

Ilianzia kwenye semina ya sheria ya familia, Jumatano. Mwalimu aliingia, hata salamu hakumaliza, akaandika ubaoni: "Mtoto wa miaka 15 amefariki hospitalini. Viungo vyake vinaweza kuokoa watu wengine. Ridhaa atoe nani?" Mikono ikaruka juu. Mmoja akasema baba, ndiye kichwa cha nyumba. Dada mmoja wa mbele akasema mama, ndiye aliyembeba miezi tisa. Jamaa wa nyuma akasema ukoo. Mwingine akasema daktari, maana wafiwa saa ile hawana akili ya kuamua kitu. Tukabishana mpaka kipindi kikaisha. Mwalimu akafunga jalada lake, akatuangalia, akasema: "Mko karibu arobaini humu ndani, na hakuna aliyemtaja mtoto." Akatoka zake.

Nilienda kukaa kwenye kimbweta karibu saa nzima, kitabu kiko wazi na sisomi kitu. Kwa sababu mimi, jamani, sikusahau tu kumtaja mtoto. Mimi mtoto niliwahi kumsikia kwa masikio yangu mwenyewe, nikamcheka.

Likizo iliyopita tulikuwa tunakula usiku nyumbani. Mdogo wangu, yuko kidato cha pili, akawa anasimulia habari za rafiki yake wanayekaa naye dawati moja. Macho ya yule kijana yanazidi kufifia, konea zimeharibika, na daktari amesema dawa ni kupandikizwa nyingine. Halafu mdogo wangu akasema, kwa sauti ile ile ya mtu anayeomba apitishiwe chumvi: "Mimi nikifa, wampe za kwangu." Mama akaweka kijiko chini. "Ishia hapo hapo! Usituchulie." Mimi nikacheka, nikamwambia ale ugali unapoa. Mazungumzo yakafia hapo.

Sasa tangu Jumatano nimekuwa maktaba, natafuta hizi sheria za wenzetu zinasemaje. Nimegundua swali la mwalimu si la darasani tu. Kuna nchi zimelia kwa ajili ya swali hili.

Chukua Uingereza. Mwaka 1999, kwenye uchunguzi wa vifo vya watoto waliofanyiwa upasuaji wa moyo mjini Bristol, profesa mmoja alitaja kwamba hospitali ya watoto ya Alder Hey, Liverpool, ina mkusanyiko mkubwa wa mioyo ya watoto. Wazazi wakashtuka: mioyo ya nani? Ikaundwa tume chini ya Michael Redfern, na ripoti ikatoka Januari 2001. Kumbe daktari wa uchunguzi wa maiti, Dick van Velzen, aliyefanya kazi pale kati ya 1988 na 1995, alikuwa anaondoa viungo vya watoto waliofariki na kuviweka akiba, bila wazazi kujua. Zilikutwa chupa na makopo zaidi ya 2,000. Wazazi waliodhani wamezika watoto wao wazima wakaitwa kuchukua moyo, baadaye wakaitwa kuchukua kitu kingine. Wapo waliozika mtoto yule yule mara mbili, mara tatu. Hebu fikiria matanga ya mtoto mmoja yanaanuliwa mara tatu.

Nieleweke: vile viungo havikuchukuliwa ili apandikizwe mgonjwa. Viliwekwa kwa jina la utafiti, na vingi havikufanyiwa utafiti wowote. Lakini kwa sheria swali ni lile lile: nani aliruhusu? Hapo ndipo nilipojifunza kitu. Sheria yao ya wakati ule, ya mwaka 1961, haikudai ruhusa. Ilisema anayeushikilia mwili kihalali (kwa vitendo ni hospitali) anaweza kuruhusu kiungo kitolewe, mradi ameulizia kadiri inavyowezekana na hana sababu ya kuamini kwamba ndugu wanapinga. Yaani kimya kilihesabika. Mzazi anayelia kwenye korido, hajui hata aulize nini, kimya chake kikageuzwa kuwa "sawa".

Na hata wale waliosaini karatasi, walisaini nini? Fomu zilitaja "tishu". Mzazi akaelewa ni kipande kidogo cha kupima ugonjwa. Hakuna aliyemwambia kwamba kwenye lugha ya kule ndani neno hilo linaweza kubeba moyo mzima. Sasa wadau, leteni fomu hiyo kwetu na kwa Kiswahili chetu. Mwambie bibi yangu kule kijijini, "Tunaomba tishu za mjukuu wako." Atafungua mkoba akupe karatasi laini za kufutia machozi. Sifanyi mzaha. Ridhaa ya mtu asiyeelewa alichoombwa si ridhaa hata kama kidole gumba chake kimechovywa wino.

Baada ya kilio kile wakaandika sheria mpya mwaka 2004, ikaanza kutumika Septemba 2006 kwa Uingereza, Wales na Ireland ya Kaskazini. Msingi wake ni neno moja: ridhaa. Si kutokupinga, ni ridhaa. Na kwa mtoto, maana yake mtu wa chini ya miaka 18, imepanga foleni. Wa kwanza kwenye foleni si baba, wala mama, wala daktari. Ni mtoto mwenyewe. Kama alikuwa na uwezo wa kuelewa jambo hilo na aliacha uamuzi, ndiyo au hapana, uamuzi huo ndio unaohesabika kisheria. Kama hakuacha neno, au alikuwa mdogo mno, ndipo anaulizwa mwenye mamlaka ya mzazi, na kisheria anatosha mmoja. Kama hayupo kabisa, ndipo anafuata ndugu wa karibu.

Niliposoma hapo nikaona aibu peke yangu. Darasa zima la sheria tumeshindwa kuona mtu ambaye wenzetu wamemweka wa kwanza.

Nchi zinatofautiana kwenye umri. Scotland, kwenye sheria yao ya 2006, walimpa mtoto wa miaka 12 na kuendelea haki ya kuruhusu mwenyewe viungo vyake vitumike akifa. Afrika Kusini wamepita njia nyingine: sheria yao ya afya ya 2003 inasema anayeweza kuandika wosia ndiye anayeweza kutoa mwili au viungo vyake baada ya kifo, na kwao wosia unaandikwa kuanzia miaka 16. Majirani zetu Kenya nao waliweka mambo ya viungo ndani ya Sheria ya Afya ya 2017, lakini kwao wosia ni wa mtu mzima, kwa hiyo kijana wa miaka 17 anabaki kusemewa na wakubwa wake. Kijana yule yule, mwenye akili ile ile, Johannesburg neno lake ni sheria, Nairobi ni maoni tu.

Najua mtakachosema. Mtoto wa miaka 12 anajua nini kuhusu kifo? Mshikaji wangu mmoja wa chumba cha jirani aliniuliza hivyo hivyo, tena kwa ukali: "Mtoto hawezi kununua simu ya mkopo, wewe unataka agawe moyo?" Hoja nzuri, sikatai. Lakini tazama majaji wa Uingereza walivyosema mwaka 1985 kwenye kesi ya Gillick, ile ya matibabu ya walio chini ya miaka 16. Hawakusema watoto wote wanajua. Walisema mamlaka ya mzazi yanapungua kadiri mtoto anavyopata akili ya kuelewa kinachoamuliwa. Kwa maneno ya uswahilini: usihesabu miaka tu, msikilize anavyoongea. Mdogo wangu hakusema "nikifa" kwa kuigiza filamu. Alikuwa na mtu, ana jina, ana dawati, haoni ubaoni. Wakubwa wangapi wamewahi kufikiria hivyo?

Sasa msimamo wangu, na mniwie radhi kama nitawakwaza.

La kwanza, kwa mtoto kimya kisigeuzwe ndiyo. Kamwe. Uingereza wenyewe tangu Mei 2020 wana utaratibu kwamba mtu mzima asiyeandikisha kukataa anachukuliwa kuwa amekubali. Sheria hiyo inaitwa kwa majina ya watoto wawili, Max na Keira. Keira alikuwa na miaka tisa, alifariki baada ya ajali ya gari mwaka 2017. Mama yake naye alikuwa anatibiwa majeraha ya ajali ile ile, kwa hiyo baba ndiye aliyetoa ruhusa. Moyo ukaenda kwa Max, naye wa miaka tisa, na wagonjwa wengine watatu wakapata viungo vyake. Lakini angalia: sheria yenye majina ya watoto haiwagusi watoto. Walio chini ya miaka 18 wametolewa nje yake, lazima mtu aulizwe na aseme. Naona wamefanya vizuri. Huwezi kumwambia mtoto wa darasa la tatu kwamba hakuandika barua ya kukataa, basi amekubali.

La pili, mtoto akisema hapana, iwe na miaka sita iwe na kumi na sita, habari iishe. Mzazi asipewe nguvu ya kugeuza hapana ya marehemu. Mwili ni wake, na hapana haihitaji shahada.

La tatu, kijana wa miaka 16 na kuendelea akisema ndiyo mbele ya mashahidi, iwe ndiyo kisheria. Chini ya hapo, kama anaelewa, neno lake liandikwe na wazazi wasomewe kabla hawajajibu. Sisemi daktari amsukume mama kando mama analia. Hata Uingereza, penye sheria yote hiyo, kwa vitendo madaktari hawavunji mlango wa familia inayokataa. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya kumuuliza mama "unakubali?" na kumwambia "mwanao alisema hivi, wewe unasemaje?" Swali la kwanza linamwachia mzigo wote peke yake. La pili linampa mtu wa kubeba naye, na mtu huyo ni mwanawe.

Na kwa wadogo kabisa wasioweza kusema? Hapo wazazi hawana mbadala, na wanaweza kufanya makubwa. Mwaka 1994 mtoto Mmarekani, Nicholas Green, miaka saba, alipigwa risasi na majambazi kusini mwa Italia akiwa amelala kwenye gari, familia iko likizo. Wazazi wake, ugenini, kwenye nchi iliyomuua mtoto wao, wakaruhusu viungo vyake vitumike. Waitaliano saba wakavipata. Miaka iliyofuata idadi ya wanaotoa viungo Italia ikapanda sana, na wenyewe wakaiita athari ya Nicholas. Hakuna sheria iliyowalazimisha. Waliulizwa wakajibu, na ndiyo yao ilikuwa na thamani kwa sababu hapana ilikuwa inawezekana.

Kwetu kuna jambo lingine ambalo vitabu vya Wazungu havina. Wao wakisema mzazi wana maana ya watu wawili. Sisi mzazi ni kikao. Kuna baba mkubwa, kuna shangazi, kuna babu ambaye hajaja mjini miaka kumi lakini msiba hauanzi bila yeye. Wanaosoma sheria wanaikumbuka kesi ya S. M. Otieno kule Kenya, mwaka 1987: mjane na ukoo wakagombea mwili wa wakili mkubwa wa Nairobi kwa miezi mahakamani, na mwisho ukoo ukashinda. Huyo alikuwa mtu mzima, msomi, mwenye mke. Sasa mtoto je? Konea inatakiwa itolewe ndani ya saa 24 hivi. Ukisubiri kikao cha ukoo kitimie, muda umekwisha. Ndiyo maana sheria lazima itaje kwa jina: mzazi aliyemlea, mmoja anatosha, na ukoo upewe taarifa kwa heshima. Wazazi wakipingana, isitolewe kitu. Msiba una majeraha ya kutosha bila kuongeza ugomvi.

Kuhusu dini, maana najua mtaniuliza. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Jumuiya ya nchi za Kiislamu lilikaa Jeddah mwaka 1988 likaruhusu kiungo cha maiti kimsaidie aliye hai kwa masharti, na sharti mojawapo ni kwamba marehemu aliridhia kabla ya kufa au warithi wake wameridhia baada. Wapo masheikh wenye msimamo tofauti, nawaheshimu. Papa Yohane Paulo wa Pili naye alisifu kutoa viungo kuwa ni tendo la upendo, mradi lifanyike kwa maadili. Kote huko neno linalorudi ni ridhaa. Hakuna aliyesema chukueni tu.

Mtaniambia haya mambo ni ya Ulaya, sisi bado sana. Bado sana vipi? Muhimbili walianza kupandikiza figo Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata Machi 2018. Walianza na ndugu walio hai wakiwachangia ndugu zao. Miaka kumi nyuma yake tungeambiwa hilo nalo ni la India. Siku ya viungo vya marehemu itakuja, na siku hiyo itamkuta mama fulani kwenye benchi nje ya chumba cha wagonjwa mahututi, saa nane usiku. Kama sheria haijasema kwa Kiswahili kinachoeleweka nani aulizwe, kwa maneno gani, na nani aulize (asiwe daktari yule yule aliyekuwa anamtibu mtoto, tafadhali), basi tutazipata Alder Hey zetu. Na sisi ndio tunaosoma sheria leo. Tusije tukasema hatukujua.

Jana jioni nikampigia mdogo wangu, simu ya mama. Nikamwambia nisamehe, siku ile nilikucheka, hebu niambie tena. Akanyamaza kidogo, nikadhani amesahau. Akasema: "Konea wachukue. Figo wachukue. Moyo hapana, moyo niende nao." Nikamuuliza kwa nini moyo hapana. Akasema, "Basi tu, sitaki." Kumbe tangu siku ile ya ugali alikuwa ameshapanga kila kitu, nini kiende na nini kibaki. Na sisi tulimwambia ale.

Nikasikia sauti ya mama kwa nyuma inauliza mnaongea nini. Akapewa simu. Nikamweleza, polepole, na ile habari ya wazazi wa Liverpool nikamweleza. Hakunikaripia. Alikaa kimya muda mrefu mpaka nikaangalia kama salio limekwisha. Halafu akasema, "Kwa hiyo ningekuwa mimi, ningewapa na moyo. Kwa kutokujua." Kisha akauliza kama nimekula.

Sijui mtakuwa na nguvu ya kuuliza swali hili kwenu. Ni uchuro, najua, mimi mwenyewe mkono ulitetemeka. Lakini jaribuni, hata kwa mtoto mmoja. Na akianza kusema, msimwambie ale.

Haya wadau, tupo pamoja. Nawahi foleni ya maji kabla hayajakatika.